Baba Alipohamia Timu ya Huruma

Habari niliipata kwa dereva wa lori, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, nami nilikuwa kibarazani nikipiga pindo sare za shule. Alikuja akihema, akaegemea cherehani yangu kama anayetaka kuiangusha.

"Siste, kochi ako wapi?"

"Ametoka asubuhi. Kwani?"

"Ameonekana Huruma. Uwanjani, na filimbi shingoni. Anafunza wale wasee."

Nilicheka. Baba yangu alikuwa amestaafu mara mbili: kwanza kazi ya kutengeneza mabehewa ya treni, halafu, mwanzo wa mwaka ule, kazi ya kufundisha timu ya mtaa wetu hapa Makongeni. Hiyo ya pili aliifanya miaka kumi na tisa bila kukosa Jumamosi yoyote isipokuwa ile tuliyomzika mama. Aliwaambia watu magoti yamechoka. Timu ikamwandalia chai na keki, nahodha akatoa hotuba akalia katikati, na kijana mmoja mwenye vyeti vya ukocha akachukua nafasi yake. Tangu siku hiyo baba alikuwa akishinda nyumbani na redio, akiyamwagilia maua ambayo mama aliyaacha kwenye mikebe ya rangi. Mtu wa magoti mabovu hatembei hadi mtaa wa Huruma.

Alirudi jioni kwa miguu, vumbi limempanda hadi kwenye mashavu ya miguu.

"Baba, wanasema ulikuwa Huruma."

"Nilikuwa."

"Kufanya nini?"

"Wana vijana wazuri, ila hawana mtu wa kuwaambia wasimame wapi. Wameniomba, nimekubali." Akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu. "Chai ipo, mwaitu?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Aliniita hivyo tangu utotoni kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na ni vigumu kugombana na mtu anayekuita mama. Nikampa chai.

Niliporudi kwa baba, miaka sita kabla ya hapo, ndoa yangu ilikuwa imeisha bila watoto na bila kelele. Nilikuja na cherehani na sanduku moja. Kibaraza chetu kinatazama benchi refu la mbao lililo chini ya ukuta, mahali ambapo vijana wanapaita besi, na hapo ndipo mashabiki wa timu hukutana kila siku kuanzia alasiri. Ukiwa kibarazani unasikia kila neno, hata usipotaka. Mimi nilikuwa nataka. Mwanamke aliyerudi nyumbani kwao hana watu wengi wa kuzungumza nao. Wenzangu wa shule walikwisha kuolewa na kuhama, na wale waliobaki waliniogopa kidogo, kama vile kuachika ni homa inayoambukiza. Mashabiki hawakuniogopa. Waliniletea suruali zilizopasuka, walinitania, waliniuliza kama ile ilikuwa penalti au siyo, wakati sikuwa nimeiona. Namba za jezi za timu nilizishona mimi. Na Jumapili baada ya kanisa walijaa nyumbani kwetu, wachezaji na wazee, nami nikapika chai katika sufuria kubwa ya mama.

Jumapili iliyofuata ile safari ya Huruma, niliweka sufuria jikoni kama kawaida. Nilikata mkate. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Baba alikunywa kikombe kimoja, akaenda kulala kidogo. Ilipofika saa kumi na moja niliimwaga chai iliyobaki kwenye mtaro, polepole, nikitumaini mtu atatokea pembeni anikute kabla haijaisha.

Besi hawakuhama, lakini waliacha kunisemesha. Nilibaki kusikia tu.

"Kocha ni fundi," alisema mmoja wao siku ile ya kwanza. "Fundi huenda kazi iliko."

"Sawa," dereva akajibu. "Fundi anakujengea nyumba, anaenda zake. Lakini hatembelei mwizi kumwonyesha ni dirisha gani halifungi."

Wakacheka. Dereva alikuwa na ulimi wa aina hiyo, na kwa kuwa siku nyingi alikuwa barabarani, akirudi alikuwa na maneno ya wiki nzima.

"Huko ng'ambo makocha wanahama kila mwaka na hakuna anayelia," yule wa kwanza akaendelea.

"Huko hawaishi na mashabiki kwa ploti moja! Huyu ametuambia magoti, buda. Magoti! Tumemnunulia keki!"

Pembeni mwa benchi alikuwa akiketi mchonga vinyago, mzee wa rika la baba; wawili hao walitoka kijiji kimoja huko Ukambani na kufika Nairobi mwaka mmoja. Yeye hakuwa na maneno mengi. Alichonga twiga na vijiko akisikiliza, vipande vya mbao vikidondoka juu ya viatu vyake. Nilimtazama nikitumaini atamtetea rafiki yake. Alipuliza unga wa mbao, akageuza twiga upande wa pili, akaendelea.

Ukweli niliujua kwa mke wa mweka hazina wa timu. Alikuja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Nilikuwa nimezungusha utepe kifuani kwake, pini mdomoni, aliposema, kama anayeniliwaza, "Lakini si walimwambia kwa heshima? Si walimpa cheo cha ushauri?"

Nikatoa pini. "Nani?"

Aliona uso wangu akajua ameteleza. Lakini mtu aliyekwisha kuanza ni rahisi kumaliza. Kamati ilimwita baba mwanzo wa mwaka. Ikamwambia mpira wa siku hizi unataka vyeti na kompyuta, ikamwambia kijana amepatikana. Ikamwomba aseme ni yeye mwenyewe aliyeamua kupumzika, ili mtaa usigawanyike. Ushauri wenyewe hakuitwa hata mara moja. Magoti hayakuwa na shida yoyote. Kamati ndiyo iliyomtafutia ugonjwa.

Nilimaliza kumpima yule mama, nikaandika vipimo vyake vibaya, gauni likaja kunibidi nilifumue lote.

Jioni nilimwambia baba ninajua. Alikuwa akimenya machungwa. Aliendelea kumenya ganda lisikatike.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nusu ya vijana wangenifuata. Wale wengine wangebaki na kinyongo. Timu ingekufa katikati ya msimu."

"Lakini wanakuita msaliti. Kila siku, hapo nje."

"Waache. Wakitaka kunitukana, wacheze vizuri huku wananitukana." Akanipa nusu ya chungwa. "Na wewe usiseme. Mwaitu, niahidi."

Nikaahidi. Sikujua ahadi hiyo ingekuwa na urefu gani. Niliamka nayo, nikaketi nayo kwenye cherehani kuanzia asubuhi, na ilipofika alasiri nikasikiliza watu wasiojua wakihukumu, huku mimi ninayejua nikikanyaga pedali. Kuna kelele fulani cherehani hutoa ukiiendesha kwa kasi bila kitambaa. Nilijifunza kuitumia sauti zao zilipozidi. Baba naye alikuwa akiondoka mapema, akirudi jioni amechoka na ameridhika, akila na kulala. Kule Huruma alikuwa na vijana ishirini wakimwita kochi. Mimi nilikuwa na ukuta.

Msimu ukaenda hadi ukafika pale ambapo kila mtu aliomba usifike. Timu yetu iliongoza kundi lake. Timu ya Huruma ikaongoza lile kundi jingine. Nafasi ya kupanda daraja ilikuwa moja, kwa hiyo ilibidi wakutane mara moja tu, katika uwanja usio wa yeyote, atakayeshinda apande.

Wiki hiyo besi palijaa hadi watu wakasimama. Walibishana asubuhi wakielekea kazini, wakabishana jioni. Nani aanze langoni. Kama kijana wetu wa mbele atamweza yule beki wao mrefu. Kama kocha anaweza kuwafundisha wageni kuwafunga watoto aliowalea tangu wakicheza peku.

"Anajua kila kitu," dereva alisema. "Anajua kipa wetu huruka kabla ya mpira kupigwa. Anajua namba tatu hawezi kugeukia kulia. Hiyo ni siri ya nyumba, na ameibeba."

Hiyo ndiyo siku mchonga vinyago alipofungua mdomo. "Hajabeba kitu. Alivijua kwa kuwa ni yeye aliyewafundisha. Ulitaka aviache wapi?"

"Angeviacha kwa kukaa kwake nyumbani!"

Mzee akarudi kwa twiga wake. Nilitamani kumpelekea chai.

Jezi za mechi hiyo hawakuniletea. Nilimwona nahodha akipita na mfuko mweusi begani, jezi nyekundu ikichungulia, akielekea kwa fundi mwingine upande wa Makadara. Macho yetu yalipokutana alisema, "Sasa, siste," kwa sauti ndogo, akaongeza mwendo. Sikumlaumu. Labda walidhani ningezishona namba ovyo ili zing'oke uwanjani.

Ilikuwa Alhamisi, siku tatu kabla ya mechi. Dereva alikuwa amesimama juu ya benchi kama mhubiri. Alisema mtu anayeacha watoto wake wakikaribia kuvuka mto huyo si baba. Watu wakapiga makofi. Ndipo akaniangalia, na nadhani hakukusudia ubaya, ni makofi tu yaliyomchukua, akasema, "Hata marehemu mkewe angekuwa hai angeona aibu."

Nilisimama. Nilikuwa na kola ya shati mkononi na sikuiachia wakati wote niliozungumza. Niliwaambia yote. Kamati, kijana wa vyeti, magoti ya kuazima, ushauri usioitwa, na ahadi. Nilisema amewalinda kwa miezi yote hiyo nao wamemlipa kwa kumtukana mama yangu aliye kaburini. Nilipomaliza, nikaketi.

Mchonga vinyago ndiye wa kwanza kusema. "Mimi hakuniambia," alisema, siyo kwangu wala kwa yeyote. "Miaka arobaini tunakula sahani moja. Mimi hakuniambia." Akainuka, akaenda, twiga ambaye hajamaliza shingo akabaki kwenye benchi.

Dereva alishuka. Alikuja hadi kibarazani akaniomba msamaha, kofia mkononi. Wengine wakamfuata. Mmoja akaketi kwenye kigoda cha wateja, mwingine kwenye ngazi, wakaanza kuniuliza hili na lile, na kunieleza walivyokuwa wakihisi kuna jambo. Nilitengeneza chai. Sitaficha: saa ile nilifurahi. Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaolitaja jina la baba kwa upendo, na wote walikuwa wakinitazama mimi. Kwa miezi minne hakuna aliyenitazama.

Lakini kabla ya giza kuingia waliondoka wakiwa kundi, wakaenda kumgongea mwenyekiti wa kamati. Kelele zilifika hadi kwetu. Ijumaa wachezaji watatu walikataa kufanya mazoezi chini ya yule kijana wa vyeti, ambaye, masikini, hakuwa na habari ya lolote. Nahodha akavua kitambaa chake cha mkononi akakitupa nyasini. Jumamosi kamati ikawafungia hao wanne. Baba alikuwa Huruma siku zote hizo mbili akiwaandaa wake, akirudi na kulala, na hakuna aliyemwambia. Mimi nilikuwa na nafasi ya kumwambia mara mbili, wakati wa chakula. Nilimpa chumvi.

Jumapili nilikwenda uwanjani. Sikutaka upande wowote, nikasimama nyuma ya bendera ya kona peke yangu. Timu yetu ilipotoka, nilimwona baba, ng'ambo ya uwanja, akiwahesabu kwa macho. Akawahesabu tena. Akamshika bega msaidizi wake akamuuliza kitu. Yule akamjibu kwa kirefu, akionyesha mashabiki wetu kwa kidole.

Haikuwa mechi. Waliingia watoto wa timu ya pili wasiojua wasimame wapi, na yule kijana wa vyeti alikuwa akipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kipindi cha kwanza mabao matatu. Halafu likatokea jambo ambalo sijawahi kumsimulia baba kwamba nililiona vizuri: mashabiki wetu, watu wa Makongeni, walianza kuimba, "Kochi! Kochi!" Walimwimbia yeye, huku watoto wao wenyewe wakifungwa mbele ya macho yao. Mlinda mlango wetu, kijana wa miaka kumi na minane, aligeuka akawatazama mashabiki wake, mpira ukampita. La nne.

Baba hakuinua kichwa. Aliwaita vijana wake kando, nikaona akiwapa ishara ya viganja, chini, chini. Tangu hapo walipigiana pasi za pembeni hadi filimbi ya mwisho. Vijana wa Huruma walipotaka kumbeba alikataa, akaenda kumpa mkono yule kijana wa vyeti, akasimama naye muda mrefu kuliko alivyosimama na washindi.

Nilifika nyumbani kabla yake. Alipoingia hakuketi.

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akijua na bado alitarajia jina jingine.

"Miezi minne nimejiandaa kwa siku hii," alisema. "Nilitaka niwashinde wakiwa wazima. Au wanishinde, nijue niliwafundisha vizuri. Lolote kati ya hayo mawili lingenitosha. Leo nimewafunga watoto."

"Walimtukana mama, baba."

"Ningesikia ningewajibu."

"Hukuwa ukisikia! Mimi ndiye niliyekuwa nasikia. Kila siku, kuanzia saa tisa. Hukuniuliza hata siku moja ilikuwaje kwangu."

Alinitazama. Nilidhani atanijibu kwa ukali, na ningependa angefanya hivyo. Alivua filimbi, akaiweka mezani, akaenda chumbani. Baada ya siku ile hakuniita mwaitu tena kwa muda mrefu. Aliniita jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho, kwa adabu, kama anayezungumza na karani.

Jumapili iliyofuata mashabiki walirudi nyumbani kwetu na mikate mitatu. Baba aliwasikia mlangoni akapita uani, akaenda kuketi karibu na reli hadi walipoondoka. Nilikaa nao mimi. Walikunywa chai wakibishana kama kamati ifukuzwe yote au nusu. Dereva akauliza sasa uaminifu wa timu kwa kocha uko wapi, mbona siku zote tunadai ule wa kocha kwa timu peke yake. Lilikuwa swali zuri na lilichelewa sana.

Mchonga vinyago hakuwa nao. Nilimpelekea twiga wake, kazi yake ya nusu, nikamkuta akifunga vijiko kwenye gazeti.

"Mwambie sina hasira," alisema. "Mwambie tu kwamba ningekaa nayo. Siri yake ningekaa nayo."

Nilipomwambia baba, alifikiri kidogo. "Angekaa nayo," alikubali. "Lakini angenionea huruma, na mimi ningeona kila siku kwamba ananihurumia." Hakwenda kumwona. Walikuwa wazee wawili wanaoishi umbali wa milango tisa, kila mmoja akisubiri mwenzake apite.

Timu ya Huruma aliipandisha lakini hakupanda nayo. Aliwaambia daraja lile linahitaji mtu mwenye vyeti, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akawapendekezea yule kijana wa vyeti, ambaye kamati yetu ilimfuta kazi baada ya ile mechi. Wakamchukua. Kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza, baba alikunja nguo zake, akasema shamba haliwezi kujilima, akarudi kijijini. Nilimsindikiza hadi kituoni. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia nisiache dirisha la jikoni wazi.

Kwa hiyo nyumba ni yangu sasa. Kazi ipo, wateja wapo, na besi hakujapungua kitu. Siku hizi wanabishana kuhusu kocha mwingine, wa ng'ambo, aliyehamia kwa mahasimu wake, na hoja ni zile zile, fundi na nyumba na dirisha. Wao huniuliza, "Siste, wewe wasemaje?" Mimi huwaambia nina kola sita za kumaliza. Hawajui kwamba huwa najibu, kimoyomoyo, kwa kirefu sana.

Baba hupiga simu Jumapili jioni. Tunaongea kuhusu mvua, kuhusu mbuzi aliyezaa pacha, kuhusu kanisa. Jumapili moja aliuliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "Hao walicheza leo?"

"Sikwenda, baba."

"Aa. Sawa."

Wiki iliyofuata nilifunga cherehani mapema nikaenda, ili niwe na la kumwambia. Nilisimama mahali penye kivuli, watu wakaniletea kiti cha plastiki, nikakazana kutazama. Miaka yote ile nilishona migongo yao na sikuwahi kujifunza mchezo wenyewe. Mpira ulikwenda huku, ukaja huku, watu wakapiga kelele kwa mambo nisiyoyaona.

Jioni nilimpigia mimi. "Wameshinda mawili kwa moja," nikasema. "La pili lilikuwa zuri sana."

"Nani alitoa pasi?"

Nilifikiri. Nilijaribu kuukumbuka ule mguu, ile jezi, namba yoyote. "Sijui, baba. Sikuangalia hapo."

Akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza baada ya miezi mingi. Nikangoja aseme jambo jingine, anieleze ni wapi pa kuangalia. Nikasikia mbuzi upande wa pili, na mtu akimwita baba kwa mbali.

"Haya," alisema. "Simu inaisha chaji. Lala salama."